Hoteli ya Kilimanjaro na wakulima wa pamba: barua ya wazi kutoka Nkoma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mkurugenzi wa Idara ya Malikale,
Msajili wa Hazina,
na wamiliki na waendeshaji wa Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka kata ya Nkoma, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Naomba Hoteli ya Kilimanjaro, ile iliyoko Barabara ya Kivukoni ikitazama bandari ya Dar es Salaam, itangazwe kisheria kuwa urithi wa taifa. Naomba pia kumbukumbu zake zikusanywe na kuwekwa mahali ambapo Mtanzania wa kawaida anaweza kuzifikia.

Najua mtu wa Nkoma akizungumzia hoteli ya kifahari ataulizwa kwanza kama shida za kwao zimekwisha. Hazijakwisha. Maji ya Ziwa Victoria tunayangoja kwa hamu. Tembo wakitoka Pori la Akiba Maswa bado wanaingia mashambani na kuacha familia bila chakula cha mwaka. Mambo hayo tunayasema kwenye mikutano ya kijiji, kwa diwani na kwa mbunge, na hatutaacha kuyasema. Lakini mtu mwenye shida ya maji naye ana historia, na historia hii ni yake kuliko wengi wanavyodhani.

Hoteli ilifunguliwa mwaka 1965. Tanganyika ilikuwa na miaka minne tangu ipate uhuru, na Muungano ulikuwa na mwaka mmoja. Michoro yake ilitoka kwa wasanifu wa kampuni ya Zevet ya Israeli, na hoteli yenyewe ilikuwa mali ya umma. Nchi wakati ule iliishi kwa mazao matatu yaliyoleta fedha za kigeni: mkonge, pamba na kahawa. Mkonge ulilimwa zaidi kwenye mashamba makubwa ya makampuni na walowezi. Pamba ilikuwa ya mkulima mdogo mwenye ekari zake chache, jembe la mkono, na pengine ng'ombe wawili wa kukokota plau. Sehemu kubwa kabisa ya pamba hiyo ilitoka Usukumani, na hadi leo Simiyu ndiyo inayotangulia mikoa mingine yote kwa zao hilo.

Wasomaji wa mjini wasioijua kazi ya pamba waniwie radhi nikiieleza kidogo, kwa sababu bila hiyo barua hii haitaeleweka. Unalima mvua za kwanza zinaponyesha. Unapanda, unapunguza miche, unapalilia mara mbili, mara tatu. Wadudu wanakuja, unapambana nao. Vitumba vikipasuka unachuma kwa vidole, tumba moja baada ya jingine, na vile viganda vikavu vinachana ngozi. Ukifika nyumbani kazi haijaisha: watoto na kina mama wanakaa chini kutenganisha pamba safi na pamba fifi, kwa sababu mizani ya chama cha ushirika haina huruma na fifi ina bei yake. Baada ya hapo ni gunia, lori, kiwanda cha kuchambua, na marobota yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Kutoka Mwanza marobota yalipanda treni, reli iliyofika huko mwaka 1928, yakapita Shinyanga, Tabora na Dodoma hadi bandarini Dar es Salaam.

Bandari hiyo ndiyo ambayo madirisha ya Hoteli ya Kilimanjaro yanaitazama. Mgeni aliyelala pale miaka ya 1960, akafungua pazia asubuhi, alikuwa akiona meli zinazopakia kazi ya mikono ya watu wa huku.

Sidai kwamba robota fulani lililipia ukuta fulani. Hesabu za serikali haziendi hivyo. Ninachosema ni kwamba serikali ya nchi changa, isiyo na mafuta wala kiwanda cha maana, ilipoamua kumiliki hoteli ya kiwango cha kimataifa, ilisimama juu ya mabega ya wakulima. Kuna jambo jingine linaloungana na hilo. Waziri wa Fedha tangu mwaka 1962 hadi 1965, hoteli ile ilipokuwa ikijengwa, alikuwa Paul Bomani. Huyu ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika ulioshindana na wanunuzi wenye mizani ya udanganyifu, hadi mwaka 1955 kikaundwa Victoria Federation of Cooperative Unions, kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wazee wetu walikuwa wanachama wake. Mtu wao alikuwa ameshika funguo za hazina ya nchi.

Sasa tazameni hoteli nyingine za kihistoria za eneo letu, muone kwa nini Kilimanjaro ni ya pekee.

Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, kwa ajili ya walowezi na wawindaji waliokuja na reli. Historia yake inauzwa vizuri sana: picha za zamani, na baraza iliyopewa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Lakini karibu na baraza ya hoteli hiyo, tarehe 16 Machi 1922, umati uliokuja kudai Harry Thuku, mwanaharakati aliyekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe ulipigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Simulizi za wakati huo zinasema baadhi ya Wazungu waliokuwa barazani nao walifyatua bunduki. Mgeni anakunywa chai yake penye jina la Delamere. Jina la Muthoni Nyanjiru ni lazima alitafute mwenyewe.

Treetops ya Nyeri inajulikana duniani kwa sababu Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alikuwa huko Februari 1952 baba yake, Mfalme George wa Sita, alipofariki, naye akawa malkia. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na Kaiserhof, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1906 na kupewa jina la kumtukuza mfalme wao. Waingereza walipoutwaa mji ikaitwa New Africa. Raffles ya Singapore, iliyoanza mwaka 1887, ilikuwa nyumba ya wakubwa wa himaya ya Uingereza. Hoteli hizi zote zilijengwa ili mgeni mtawala astarehe katika nchi ya watu wengine, na urithi wao, hata ukipambwa namna gani, unaanzia hapo.

Kilimanjaro haikuanzia hapo. Ilijengwa na wenyeji waliotaka kupokea wageni wakiwa wao wenye nyumba. Mlimani tulikuwa tumepandisha mwenge na bendera usiku wa uhuru; miaka minne baadaye jina la mlima huo likapewa hoteli iliyo mkabala na bandari, ili mjumbe wa nchi yoyote akija apokewe na Mtanzania kwenye nyumba ya Watanzania. Kwangu mimi, niliyefundisha historia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, hilo linaipa thamani kuliko umri wa Norfolk na Raffles.

Dar es Salaam ya miaka ile haikuwa mji wa kawaida. Tangu mwaka 1963 ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. FRELIMO ilikuwa imeundwa hapo mwaka mmoja kabla. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na ofisi zao mjini, na mabalozi wa Mashariki na Magharibi walikuwa wakitegeana masikio. Mwandishi wa habari wa Poland, Ryszard Kapuściński, ameandika kuhusu baraza ya New Africa, jinsi wanamapinduzi wa bara zima walivyokutana pale kupanga mambo yao. Kilimanjaro ilipofunguliwa, mazungumzo ya namna hiyo yalipata nyumba ya pili si mbali na hapo. Jengo la Kijerumani la Kaiserhof halipo tena. New Africa ya leo ni ghorofa jipya. Katika hoteli mbili zilizouona mji ule wa ukombozi kwa karibu, ni moja tu ambayo mwili wake wa awali bado umesimama.

Kuna sura nyingine ya historia hii ambayo ningependa kuizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, nchi ilijiuliza kama ujamaa na hoteli za kifahari vinaweza kukaa pamoja. Mwaka 1969 liliundwa Shirika la Utalii Tanzania kuendeleza na kusimamia hoteli za umma, mijini na mbugani. Mwaka uliofuata vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliingia kwenye kurasa za gazeti la The Standard na hoja kali. Je, nchi maskini inayojenga ujamaa iweke fedha zake kwenye starehe za wageni? Utalii utatufanya tutegemee nani? Utawafanya vijana wetu kuwa watu wa namna gani? Wengine wakajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na kwamba tembo na fukwe ni mali kama pamba. Mjadala ukawa mkali na mrefu, ukawashirikisha wasomi, watumishi wa serikali na wananchi wa kawaida. Issa Shivji aliukusanya, nao ukachapishwa kama kitabu mwaka 1973, Tourism and Socialist Development.

Nimeusoma mjadala huo zaidi ya mara moja, na kila mara najiona ndani yake. Naamini vijana walikuwa sahihi kuogopa utegemezi, na waliowajibu walikuwa sahihi kwamba fedha za kigeni lazima zitoke mahali. Ninachokienzi hasa ni kwamba watu waliuliza kwa sauti, gazetini, hoteli hizi ni za nani na zinamtumikia nani. Ni nchi chache zilizowahi kujiuliza swali hilo hadharani namna ile. Kama hoteli ya kifahari ina urithi, basi swali hilo ni sehemu ya urithi wa Kilimanjaro, na lingestahili ukuta mzima katika ukumbi wa mapokezi kuliko picha ya mgeni yeyote maarufu aliyepita.

Yaliyofuata mnayajua vizuri kuliko mimi. Uchumi uliyumba, mashirika ya umma yakachoka, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikaanza kuyabinafsisha. Hoteli ya Kilimanjaro ilifungwa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2005 ikafunguliwa tena chini ya uendeshaji wa Kempinski. Baadaye ikaja Hyatt, na jina la Kilimanjaro limebaki kwenye bango hadi leo. Kwa hilo la kubakiza jina nawashukuru wamiliki kwa dhati. Wangeweza kulifuta.

Sipingi ubinafsishaji wa hoteli hii. Jengo lililokuwa limechoka limerudishiwa hadhi, watu wana ajira, na kodi inalipwa. Lakini mali na historia havihami pamoja. Mlipokabidhi jengo, daftari za wageni zilikwenda wapi? Albamu za picha za karamu, orodha za vyakula, michoro ya Zevet, mikataba ya kazi, sare za wahudumu, viti na meza vya mwaka 1965: nani alivipokea kwa saini? Ofisi ya Msajili wa Hazina ndiyo mrithi wa mambo ya mashirika yale, kwa hiyo swali hili nalielekeza kwenu, Msajili, kwa heshima zote. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inampa mwananchi nafasi ya kuona kumbukumbu za umma zikishatimiza miaka 30. Faili za hoteli ya umma za mwaka 1965, 1975 na 1985 zimeshatimiza. Kama ziko kwenye stoo fulani, zihamishiwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla mchwa hawajazimaliza. Picha za Idara ya Habari MAELEZO nazo zipekuliwe. Sina shaka wapiga picha wake waliingia ukumbini mara nyingi.

Kwako Mheshimiwa Waziri, na kwako Mkurugenzi wa Malikale, suala ni la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze. Maana yake ni kwamba kila kitu ambacho Tanzania huru imejenga kimeachwa kwenye hiari ya kalamu ya Waziri. Magofu ya Kilwa yamelindwa, kama inavyostahili. Lakini taifa la Nyerere, la Karume, la vyama vya ushirika na la ukombozi, majengo yake hayana ulinzi mpaka mtu aamke na kuandika tangazo. Singapore ilitangaza Raffles kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1987, hoteli ikiwa bado hoteli, na ikaendelea kupokea wageni wenye fedha zao. Tangazo halikuiua biashara. Liliipandisha thamani.

Msiniambie jengo la miaka ya 1960 si la kale vya kutosha. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970 lilisanifiwa na Beda Amuli, msanifu wetu aliyesoma Israeli na kufanya kazi na hao hao Zevet kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe. Julai 2021 soko hilo liliungua. Siku ile nchi nzima ilitambua kwamba zege la enzi ya uhuru nalo linaweza kutoweka usiku mmoja. Huko Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa ndani kabisa ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, liliporomoka upande mmoja siku ya Krismasi 2020 na kuua watu. Na Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 ufukweni Shangani, ilipogeuzwa kuwa Park Hyatt, Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji ukubwa wa jengo jipya lililobandikwa pembeni yake. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015 huku malalamiko yakiwa mezani. Nataka kwa Kilimanjaro makubaliano yaandikwe mapema, kabla mtu hajaleta mchoro wa kuongeza ghorofa.

Wamiliki na waendeshaji, kwenu nina maombi ambayo hayatawagharimu kiasi cha kutisha.

Hoteli kubwa huvipa majina vyumba vyake vya hadhi ya juu, vile vyenye sebule, na majina hayo humfundisha mgeni nani alikuwa mtu katika nchi hiyo. Vipeni vyumba hivyo majina ya watu na mambo yaliyoijenga nyumba hii. Kimoja kiitwe Bomani. Kimoja kiitwe Mondlane, kiongozi wa FRELIMO aliyeuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, akiwa katika mji huo akiongoza vita vya kuikomboa Msumbiji. Kimoja kiitwe Amuli. Na kile cha marais, kizuri kuliko vyote, kiitwe Pamba. Ndani yake kuwe na picha kubwa ya shamba la Itilima wakati wa kuchuma, na maelezo mafupi ya njia ya robota kutoka huku hadi bandari anayoiona mgeni akiwa kitandani. Mkuu wa nchi akilala hapo atajua amelala kwa nani.

Ombi la pili ni la haraka zaidi kuliko yote. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1965 akiwa na miaka 20 sasa ni mzee wa miaka 80 hivi. Wapishi, wahudumu, madobi, wabeba mizigo, wapokea simu, mafundi wa lifti, walinzi: hao ndio wanaojua nani alikutana na nani, chakula gani kilipikwa siku gani, mgeni gani alikuwa na utu na yupi hakuwa nao. Wanaijua hoteli kwa mlango wa nyuma, na katika nyumba yoyote mlango wa nyuma ndio unaojua mengi. Watafutwe. Wapo Dar es Salaam, wengine wamerudi makwao Songea, Moshi, Lindi, na huku kwetu. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Wapeni nauli na vinasa sauti. Kila mwaka unaopita bila kazi hiyo kufanyika tunazika sehemu ya kumbukumbu hii, na hakuna ukarabati utakaoirudisha.

La tatu: siku moja kwa mwaka, tuseme Desemba 9 au siku nyingine mtakayoiona inafaa, fungueni ukumbi wa mapokezi na ghorofa ya juu kwa wanafunzi wa shule za serikali bila malipo. Waoneshwe, waelezwe, wapewe soda. Katika miaka yangu ya kufundisha sikuwahi kufungua kitabu cha kiada nikakuta aya kuhusu hoteli hii, wakati kuhusu masultani na magavana nimekuta nyingi. Mtoto wa Nkoma anajifunza kwamba babu yake alilima zao la biashara. Hajifunzi kwamba zao hilo liliisimamisha nchi kwa miguu yake, wala haoneshwi mahali popote palipobaki alama ya hilo.

Sisi Wasukuma tunajua kutunza vitu vya heshima. Nendeni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement miaka ya 1950. Kuna jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma na viti vya watawala wa zamani, kila kimoja na historia ya nani alikikalia. Mtemi alikuwa mtu mmoja. Hoteli hii ilikuwa kiti cha taifa zima kwa miongo mitatu. Naamini inastahili angalau utunzaji ule ule ambao kijiji kimoja kimeupa kiti cha mtemi wake.

Na msiziache zile za porini. Seronera na Lobo, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, zilijengwa na serikali kupitia shirika lile lile la utalii, zikafumwa katikati ya miamba kwa namna ambayo jengo na jiwe vinashikana mikono. Leo zinaendeshwa na kampuni binafsi. Ziko upande wetu wa nchi kuliko wa Dar es Salaam. Kati yetu na Seronera kuna Pori la Maswa na mbuga. Miongoni mwa wafanyakazi waliozijenga na kuzihudumia wamo watu wa mikoa inayoizunguka hifadhi. Nazo zina daftari, michoro na wazee wake. Tangazo la Waziri likitoka, litaje hoteli zote zilizojengwa na umma miaka ile, na Seronera na Lobo ziwe mbele.

Nasikia mapema hoja moja ambayo mtu wa fedha ataileta: kwamba tangazo la urithi litafunga mikono ya mwekezaji. Litafunga baadhi ya vidole, ndiyo. Hataruhusiwa kubomoa uso wa jengo anavyotaka wala kutupa vilivyobaki vya mwaka 1965. Lakini hoteli mpya za kioo zinajengwa Dar es Salaam kila baada ya muda mfupi, na kila moja inaweza kuigwa na nyingine. Historia ya Kilimanjaro haiwezi kuigwa na mshindani yeyote. Mfanyabiashara mwenye akili ataiona hiyo kama mtaji, na nadhani wamiliki wa sasa, ambao hawakuliacha jina, wameshaanza kuliona hilo.

Naomba basi haya: Wizara itujulishe kama mchakato wa kuitangaza hoteli chini ya Sheria ya Mambo ya Kale umewahi kuanza, na kama haujaanza, utaanza lini. Msajili wa Hazina atueleze kumbukumbu na samani za hoteli zilikabidhiwa kwa nani. Wamiliki watujibu kuhusu majina ya vyumba, masimulizi ya wafanyakazi wa zamani na siku ya wanafunzi. Picha za mashamba ya pamba tutawapatia sisi wenyewe bila malipo, na wazee waliopeleka magunia kwenye mizani ya ushirika miaka ile wapo tayari kurekodiwa. Majibu yaletwe kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Nkoma, na nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Itilima, Lagangabilili. Tutayasoma mkutanoni, mbele ya wakulima wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kata ya Nkoma, Itilima, Simiyu